Wageni wangu walikuwa wanakuja juu ya batri

Alhamisi. Mvua ilipiga tangu asubuhi, ile ya hapa Rumonge isiyo na haraka, kama mugeni ameshakula na bado anaangalia sufuria.

Naandika na simu. Imebaki asilimia thelathini na mbili na haiko ku umeme. Zamani nilikuwa naandika nimelala, simu inajaa juu ya mto, waya umepita shingoni kama tai ya deputé wa bungeni. Hiyo tabia imekufa Jumamosi.

Basi niseme Jumamosi.

Kazi yangu ni batri za taa za wavuvi. Zamani walivua na taa za petroli, sasa ni taa za batri, na nyingi mimi ndiye nazifunga. Nachukua vibatri vya ordinateri, zile kompyuta zilizokufa, naunganisha, nazungusha skochi, ule utepe wa gundi. Shule nilitoka darasa la tano, lakini waya zinanisikiliza. Mchana batri zinajaa kwangu, jioni wenyewe wanazichukua wanaenda ziwani. Mtaani wananiita Ministre, juu mimi ndiye mwenye umeme na maneno mengi.

Ningeweza kuzisharija inje, mu jiko. Iko na sima chini, ile saruji, ukuta wa matofali, mabati juu, hakuna kitu cha kuwaka. Na hakuna mutu anapika humo. Muke wangu alienda Kigoma kwa kaka yake, wiki mbili tu. Hizo wiki mbili sasa ziko na mwaka na nusu.

Mimi nilizisharija salon, pale wageni wanakaa.

Mutu akileta batri salon, anakaa. Namwambia "ngoja kidogo, inajaa," anangoja, natoa hadithi, anacheka, mwingine anasikia kicheko anaingia. Siku zingine tulikuwa nane, hakuna pa kukaa, batri ziko ku viti. Nikazisukuma zote nyuma ya fotei kubwa, lile kochi la wageni, ku miltiprize moja ya matundu mengi, nikafunika na kitenge muke wangu alichoacha, ili salon ionekane ya watu wa heshima. Batri inapata joto, mimi naifunika kama mutoto wa malaria.

Mama Hawa alinionya. Ni jirani yangu, iko na mtumbwi mmoja wa kuvua ndagala na mdomo wa mitumbwi kumi. Aliweka mkono juu ya kitenge akasema, "Weye Ministre, kitu cha moto kinafunikwa? Hata ugali unaachwa upumue."

"Mama, hizi zinasikia baridi, zimezoea ziwa."

Watu walicheka. Akakaa ku fotei yake, ile ile kubwa.

Lakini mbaya yenyewe haiko hiyo. Mbaya yenyewe nilikuwa sijamwambia mutu.

Batri ya Mama Hawa ilikuwa imevimba. Niliiona Ijumaa, na tumbo kama andazi. Kila fundi anajua: batri ikivimba imekwisha, usiisharije, usiitoboe, itoe mu nyumba. Mimi niliibana na mikono, nikazungusha skochi mara tatu, nikamwambia, "Iko salama Mama, ilete tu kila siku." Ningemwambia imekufa, Jumamosi angekuja kwangu kufanya nini?

Ni hivyo tu. Sikutaka kile kiti kikae tupu.

Jumamosi alikuwa amekaa hapo, na mimi niko katikati ya hadithi ya mbuzi wa Bugarama aliyekula diplome ya mwalimu. Tukasikia fiiii nyuma ya fotei. Moshi mweupe, harufu tamu inayokwaruza koo. Kabla mbuzi hajameza, kitenge kikawaka, kisha fotei. Wote walikimbilia mlango mmoja. Mama Hawa, juu ya magoti yake yanayouma, akawa wa mwisho. Nilimvuta na mkono, moto umeshashika upindo wa leso. Aliuzima mwenyewe na kandambili.

Nikakata umeme ku kompteri, ile mita ya ukutani, nikaivuta ile batri na jembe mpaka inje, nikaimwagia mchanga. Ikanyamaza. Kisha ikawaka tena, yenyewe, hakuna aliyeigusa. Mara tatu. Sijaona kitu chenye hasira namna hiyo, na mimi nimeshaoa.

Majirani walizima moto wa mu salon na ndoo za maji. Nyumba imesimama. Fotei imekufa, rido ya dirisha imekufa, ukuta umekuwa mweusi kama chini ya sufuria.

Jumapili nilihamisha kazi yote mu jiko. Kila batri chini ku sima, mbali na mwenzake, hakuna nguo juu. Mimi niko hapo hapo naziangalia, na mchanga pembeni. Ikijaa naichomoa. Nikitoka, zote zinachomolewa. Zilizovimba ziko mu ndoo ya mchanga kule nyuma, mbali na nyumba. Jana mvuvi wa Magara alikuja na andazi lake la batri, nikamkatalia, akaanza kelele. Nikamwingiza salon nikamwonyesha ukuta. Kelele ikaisha.

Hatari imetoka mu nyumba yangu.

Watu pia wametoka.

Sasa wanafika ku mlango wa jiko, wananisalimia Kirundi: "Amahoro Ministre." Wanaweka batri, wanashukuru: "Murakoze." Wanaenda. Mu jiko hakuna viti, na mvua inapiga. Jana nilimaliza ile hadithi ya mbuzi, nilizitolea batri kumi na moja. Hakuna hata moja ilicheka. Ni sawa, batri inayopiga kelele nimeshakutana nayo.

Leo saa tisa Mama Hawa amefika. Siku tano sikumwona. Hana batri, hana taa, amejifunika kichwa na mfuko wa sukari. Amekaa juu ya jerikani.

"Nimekuja kuona kama umekufa."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni. Nimeumeza. Nimemwambia yote, kwamba batri ilivimba, kwamba niliona tangu Ijumaa.

Amevua ule mfuko wa sukari, ameukunja pole pole. Kwa Mama Hawa hiyo inatisha kuliko moshi.

"Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Na ukanikalisha juu yake kama kuku ku mayai?"

"Nilitaka uje."

Hapo ameanza. Amenigombeza mpaka mvua imekatika. Juu ya batri, juu ya leso, juu ya magoti yake, juu ya muke wangu, juu ya jiko lisilo na hata chumvi. Amesema kama nataka mutu aje ninamwita, Mungu alinipa mdomo, tena mkubwa. Nilikuwa nasikiliza tu namna sauti ya mutu inajaza jiko.

Kisha amesimama. Amesema msamaha bado hajatoa, anaenda kuufikiria. Hakusema kama atarudi.

Kesho batri yake haitakuwepo, na siko na sababu hata moja ya kumwita. Itabidi mimi ndiye niende, nisimame ku mlango wake, niseme nimekuja tu.

Miaka yote hii watu walikuja kwangu na kitu mkononi. Mutu anabishaje hodi mikono mitupu?

Simu imefika asilimia kumi na tisa. Naiacha hivyo hivyo mpaka asubuhi, bila waya.