Binti wa Msumari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeshakunywa chai na bado hujafungua mlango wa karakana, maana nakujua, ukishakaa mbele ya mizani mbovu ya mtu hata nyumba ikiungua utasema ngoja kwanza nimalize. Goti linaendeleaje? Mama anasema dawa unaipaka pale tu anapokutazama. Sisi huku hatujambo. Mkweo anakusalimu sana. Mjukuu wako ameota meno mawili na anayajaribu kwenye kila kitu anachokikuta, pamoja na mpini wa bisibisi yangu.

Utajiuliza barua ya nini wakati tulizungumza kwa simu Jumapili. Baba, kule kuzungumza unakujua mwenyewe. Nilikwambia nimepandishwa kazini, kwamba baada ya miaka yote ya kutengeneza lifti sasa nimekuwa mkaguzi, nitakabidhiwa muhuri wangu, na lifti ambayo sijaipigia muhuri haibebi mtu. Ukasema haya. Kisha ukasema vizuri, mama yako huyu hapa. Kwako wewe hiyo ni hotuba, nami nilishazoea. Ila safari hii niliumia. Nilisimama jikoni na simu mkononi hadi maji ya chai yakakauka kwenye sufuria.

Niseme ukweli, sikuanza kuumia Jumapili. Ulipokuja kumwona mtoto alipozaliwa, ulipanda ngazi hadi ghorofa ya tano na goti hilohilo bovu, na lifti niliyoitengeneza kwa mikono yangu ilikuwa pale chini, mlango wazi, inakusubiri. Ulifika juu unahema, ukasema ngazi zinanyoosha mwili. Mama akaguna. Mimi nikajiambia kwamba Baba hajanisamehe kwa kuiacha mizani yake na kufuata kazi ya kamba na magurudumu. Sikukuuliza. Katika nyumba yetu hakuna anayeuliza, tumefundishwa na wewe.

Basi nikuhabarishe kuhusu rafiki zangu, kwa sababu habari yenyewe imepitia kwao. Ukifika hapa ukajisikia kuvua miwani na kuiweka barua mezani, nakuomba usifanye hivyo. Soma hadi mwisho, hata ukiona umeshajua.

Unakumbuka lile fumbo la maneno la gazetini, ulilokuwa ukilijaza wakati wa chakula, kalamu mkono mmoja na kijiko mkono wa pili? Mimi nililipendea hapo, nikichungulia begani kwako. Nilipoanza kazi nililikuta mtandaoni, na chini yake watu wakisaidiana vidokezo. Gazeti likaliacha fumbo, watu hatukuachana. Mmoja wetu akafungua ukumbi wake, na kila wiki anatutungia fumbo mwenyewe. Humo hakuna namba za simu wala sura, ni majina ya kubandika tu. Yeye tunamwita Bawabu kwa sababu ndiye anayefungua mlango na kufukuza wahuni. Aliweka sheria moja, kwamba hakuna kutaja jina, kazi, wala mahali unapokaa. Kisa chake ni mtu mmoja aliyejua kazi zetu akataka kutuuzia bima sote, hata yule aliyekuwa amelazwa.

Kwa hiyo tunazungumza yaliyobaki, na kumbe yaliyobaki ndiyo mengi. Yuko Shangazi Mvua, ambaye kila asubuhi hutangaza hali ya anga ya dirisha lake kabla hajasalimu. Bawabu ana jirani wa juu anayeburuta viti, naye hutupa taarifa ya kila kiti. Tumewahi kubishana siku nzima kama sabuni ya kipande inashinda ya unga, na Shangazi Mvua akanuna. Tunasomeana habari za magazetini, tunapeana pole za misiba, tunachekana. Miaka imepita na sijamwona hata mmoja wao kwa macho, lakini wakichelewa kuamka mimi nakosa raha.

Na yuko mwingine, anaitwa Msumari. Huyo, Baba, ni kasuku. Akianza kueleza jinsi jirani yake alivyonunua spika kubwa kuliko mlango, hadi ikabidi iishi uani chini ya turubai, mimi nacheka peke yangu nikiwa juu ya paa la watu. Kwa jina lake sote tulidhani ni seremala. Kitu anachokipenda kuliko vyote ni kumsifu binti yake. Hataji kazi yake, anashika sheria, lakini hakuna wiki inayopita bila binti. Binti yangu akisema atafika, anafika. Binti yangu hajawahi kumpita mtu mnyonge. Binti yangu aliiacha njia niliyomchongea akachonga yake, na yake imenyooka kuliko yangu. Shangazi Mvua alimwuliza kama huyo binti mwenyewe anayajua hayo. Akajibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba tena kila akisikia sauti yake ulimi unamganda, anaishia kumpa mama yake simu.

Nilimwonea wivu yule binti. Nasema waziwazi, wivu wa kweli. Siku moja nikamwandikia Msumari, mimi niitwaye Kijiko, kwamba ana bahati huyo mwanawe, maana mimi baba yangu maneno anayatoa kwa kijiko cha chai, na hata nilichokitengeneza hakitumii. Msumari alikuja juu. Akasema huyo baba yangu ana kichwa kigumu kama nyundo, na kama wangekuwa wanafahamiana angemkalisha chini amweleze. Kisha akapoa, akaniambia nimvumilie, wazee wengine hawajui pa kuanzia. Akasema hata yeye kuna kitu anakiogopa tangu utoto, kufungiwa ndani ya chumba kidogo, na binti yake anavifungua na kuvifunga vitu vya namna hiyo kama mfuniko wa sufuria. Akasema yuko radhi aumie mguu kuliko binti yake amwone akitokwa jasho.

Niliyasoma hayo, Baba, nikamwonea huruma, nikaendelea na kazi. Fundi mzima wa lifti. Wewe ungenicheka, na ungekuwa na haki.

Sasa Jumatatu, kesho yake ya ile simu yetu, nilikuwa chumba cha mashine, juu kabisa ya jengo, nimekaa kwenye boksi la vifaa nakula. Nikafungua ukumbi. Msumari alikuwa ameshaandika kabla hata Shangazi Mvua hajatangaza mawingu. Alisema leo anavunja sheria na Bawabu amwadhibu apendavyo. Binti yake amepewa muhuri. Alisema watu wataingia kwenye lifti na watoto wao wachanga mgongoni, hawatauliza kitu, kwa sababu binti yake ameshauliza kwa niaba yao. Alisema yeye nusu ya maisha yake amehakikisha watu hawapunjwi sukari, na binti yake anahakikisha hawapunjwi uhai. Alisema jana alipoambiwa kwenye simu alijibu haya, kisha akaenda karakana akakaa akipima kitu kilekile, anageuka, anapima tena, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi.

Nilijiambia wakaguzi wapya wa lifti si mimi peke yangu duniani. Moyo ulikuwa unajua, akili ndiyo iliyokuwa inabisha. Kisha nikaiona picha. Mtu akimaliza fumbo huweka picha ya karatasi yake, na Msumari siku zote alipiga ya karibu mno, ukaona miraba tu. Jumatatu ulikuwa na haraka. Pembeni ya karatasi, limeizuia isipeperuke, lilikuwepo jiwe la mizani la shaba lililomeguka ukingo.

Baba, jiwe lile nililiangusha mimi nikiwa darasa la pili. Nililia sana, nikijua nimeharibu kazi yako. Hukunipiga wala hukunigombeza. Uliliweka kwenye mizani, ukaniambia sasa si kilo tena, kwa hiyo haliwezi kumdanganya mtu wala kumsaidia mtu, na kuanzia siku hiyo likawa la kuzuia karatasi zako. Mafundi mizani wako wengi, ila jiwe lile ni moja.

Basi, Kijiko ni mimi. Jina nililitoa kwenye kile kijiko chako cha wakati wa fumbo. Na yule binti niliyemwonea wivu miaka yote hii, kumbe nilikuwa najionea wivu mwenyewe. Mwenzangu wa kazi alinikuta nafuta macho akauliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, baba yangu amezungumza.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini sikujua kwamba mshindo wenyewe unaweza kuwa unalia mahali pengine na wewe umeusikia kila siku. Naona fahari, Baba. Naona fahari kwamba umenisifu mbele ya watu wasionijua, pasipo kupata chochote. Na tembo halijaingia maji, unaweza kuja kulipima.

Ndiyo maana nimeandika. Kwetu kuna desturi ya siku ya muhuri. Mkaguzi mpya huikagua lifti mbele ya wakubwa wake, huipigia muhuri, na mtu wa kwanza kupanda huwa ni mtu wake mwenyewe wa damu. Wanafanya hivyo ili kila anaposhika muhuri maishani akumbuke aliyesimama ndani. Yangu ni Jumamosi ijayo, asubuhi. Nilikuwa nimeandikisha jina la mume wangu, kwa kuwa nilidhani wewe utasema haya. Nimelifuta. Mwenyewe amefurahi kuliko mimi.

Najua sasa ngazi zilikuwa ngazi za nini, na sitamwambia mtu. Wala sikulazimishi. Ukija ukasimama mlangoni tu, kwangu umeshapanda. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mtu asikiamini kipimo mpaka amjue aliyekipima, na hiki nitakuwa nimekipima mimi, nikageuka, nikapima tena. Nitaingia nawe. Ni ghorofa nne tu, na wewe ulishapanda tano kwa goti. Ukitokwa jasho nitawaambia wakubwa kwamba kuna joto. Huna haja ya kusema neno lolote, umeshasema.

Lile jiwe njoo nalo mfukoni, nataka kulishika.

Ukumbini sijasema kitu. Bawabu amekusamehe, ila Shangazi Mvua bado anakusumbua umwambie binti yako. Ukitaka kumjibu, mwambie binti ameshajua.

Msalimie sana Mama, na umwambie nguo ya Jumamosi achague yeye, si wewe. Msalimie jirani wa spika. Paka dawa goti, hata asipokutazama mtu.

Wako akupendaye,
Kijiko, binti wa Msumari.