Meko ya Pili Chumbani Kwangu

Wanangu,

Chakula kimefunikwa jikoni. Mtoto ale kwanza.

Fundi mwashi akirudi kutoka kunywa chai, asiguse ukuta wa chumba changu. ~~Aje kesho.~~ Anisubiri mpaka nitoke darasa la jioni.

Asubuhi alitaka kuutoboa ukuta huo kwa tindo mpaka ndani ya dohani ya sebuleni ili moshi wa meko yangu upitie humo humo. Nikamwambia kila moto unataka njia yake, la sivyo mkiwasha sebuleni moshi utaingia kwangu, na mjukuu wangu analala humo. Akacheka. Nawe kifungua mimba wangu ukamsaidia: “Mama, hilo darasa limeshakufanya mhandisi?”

Darasani bado tunafundishwa kuandika barua. Moshi wa nyumba hii nimeuvuta miaka thelathini, mwanangu, sihitaji mwalimu.

Nilimwomba Mungu anizuie ulimi, akanizuia. Kuhusu kalamu hakusema kitu.

Dohani ya pili itajengwa, hata nikilala na baridi mpaka mwakani. Nguo zianuliwe mvua ikinyesha. Na msihangaike kuitafuta tindo ya fundi. Iko kwenye mkoba wangu, chini ya daftari.

Mama yenu