Soli Zinazolia

Ibighi, Tukuyu
Mwezi Mei

Kaka yangu Ambwene,

Shikamoo. Wifi Neema hajambo? Na watoto, na shule yako huko Sumbawanga? Sisi huku tuko salama. Mvua haijatuacha, nguo tunaanikia jikoni, na mama kifua kimepona, anakula vizuri. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ukisikia tu neno hospitali unaniuliza habari za migomba.

Unakijua kidonda changu cha mguu wa kulia, pale chini ya kidole gumba. Kilikuwa kinafunga, nashona nguo za watu wiki chache, kinafunguka tena. Hakikuniuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha daktari. Alinieleza kwamba sukari imeua hisia za nyayo, na kidonda kikifika mfupani itabidi wakate. Siku ile nililia, shemeji yako Nelson akakaa kando yangu. Mimi nililaumu kile kilima cha kanisani. Nikaacha hata kwaya, lakini kidonda kikafunguka vilevile.

Mwezi wa pili, kilipokuwa kimefunga na mimi nasubiri tu kifunguke, walikuja watafiti kliniki. Wakatupa wagonjwa wachache soli nyembamba za kuweka ndani ya viatu. Zinapima jinsi unyayo unavyokandamizwa. Pakizidi, simu inalia na kuonyesha mahali penyewe kwa rangi nyekundu. Nesi Prisca akanitembeza uwanjani, akanipandisha ngazi na kunishusha. Simu kimya. Nikaenda kukipanda kilima changu cha kanisani, kwa hasira kabisa. Kimya!

Nikarudi nyumbani, nikaketi kwenye cherehani kumalizia sare za kwaya. Sijafika hata kwenye kola, simu ikapiga kelele. Nikaacha, ikanyamaza. Nikakanyaga pedali, ikalia tena. Nelson akaja mbio akidhani tumepigiwa simu ya msiba. Nikamwambia kifaa cha watu kimeharibika. Yeye akainama, akautazama mguu wangu, akasema, "Mama Lusungu, hebu shona tena." Nikashona. Akasema, "Mbona unaikandamiza kama unaua nyoka?"

Kaka, niliduwaa. Miaka yote hiyo naikanyaga pedali kwa mguu mmoja, palepale penye kidonda. Na kwa kuwa sihisi kitu, nilikuwa nazidi kukandamiza ili niwe na uhakika kwamba mguu upo.

Prisca alipoona picha kwenye simu alinishika mkono, akasema sasa tumejua adui anakaa wapi. Nelson akakata godoro kuukuu, akaifunga sponji yake juu ya pedali. Nikaanza kujifunza kusukuma kwa miguu yote miwili, nikipumzika simu inaponiambia nipumzike. Mwanzoni mishono ilipinda, mteja mmoja akaniuliza kama nimeanza kunywa. Sasa imenyooka. Kidonda hakijafunguka hadi leo, na daktari habari za kukata hazitaji tena, ila amesisitiza nikague nyayo kila siku. Nimerudi kwaya. Jumapili niliimba hadi sauti ikakauka.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Pasaka, tulipokuwa tunachoma ndizi jikoni kwa mama, kaa la moto lilidondoka ukalikanyaga, nawe ulikuwa pekupeku. Ulikuwa unatusimulia mechi, ukaendelea kusimulia. Ni harufu iliyonifanya nitazame chini. Nilipokushtua, ulicheka, ukasema ngozi ya mwalimu ni ngumu.

Kaka, hakuna ngozi ngumu kiasi hicho. Nina mguu wa namna hiyo, naujua.

Sijamwambia mama wala wifi. Nimezungumza na Prisca tu, naye amesema usingoje likizo: pima sukari hukohuko wiki hii, wakutazame na nyayo. Kisha likizo ya mwezi wa sita uje kwetu, nikupeleke kliniki nikakae nawe kwenye benchi. Ikionekana huna kitu, tutarudi tukicheka. Ikionekana unayo, miguu yote miwili bado ni yako, na mimi ninajua namna ya kuitunza.

Nisalimie wifi, uwabusu watoto. Mama anakuombea kila jioni kwa jina lako. Ndaga fijo kwa kusoma hadi hapa, najua umetamani kuikunja barua njiani. Ukishapima nipigie, hata kama ni saa za kazi. Cherehani nitaisimamisha.

Mdogo wako akupendaye,
Justa