Fulana ya Makwaru

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto ameota jino la pili na ananing'ata bila huruma. Mgongo wako unaendeleaje?

Jumapili mama mkwe anakuja kula kwetu, nawe nakuomba uje. Ila baba, ile fulana yenu wapiga zeze iliyoandikwa MAKWARU iache nyumbani. Juzi alipita mpiga zeze mlangoni, mama mkwe akasema, "Funga mlango, kwaru huyo. Wanakwangua nyuzi kama masufuria." Anajua unapiga muziki, hajui ni huo. Sitaki mjukuu wako aitwe mtoto wa makwaru.

Mwanao

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri.

Neno hilo walitutupia, sisi tukaliokota, tukalifua, tukalivaa. Tukiitana wenyewe, "We kwaru, kaza uzi," huo ni udugu. Akilisema asiyejua kushika upinde wa zeze, ni tusi. Neno ni lile lile, mdomo ndio tofauti.

Lakini nimekusikia. Nitakuja nisiwe kwaru.

Baba yako

11 Machi

Baba,

Shikamoo, japo nimekasirika. Ulifika salama?

Nilisema uache fulana. Nani alikwambia uache na zeze? Umekuja na koti la msibani, mikono magotini, "ndiyo mama", "hapana mama", kama mtu anayeomba kazi. Mtoto, aliyezoea zeze lako, kakuangalia mikono mitupu, akaangua kilio mpaka sauti ikamkauka.

Ulipoaga tu, mama mkwe akaniuliza, "Baba yako anaumwa?"

Nikachoka. Nikamwambia, "Haumwi. Ni kwaru, na mimi ndiye niliyemzuia kupiga."

Mama mkwe akaweka kijiko chini. Mtoto akaendelea kulia. Mwishowe mama mkwe akasema, "Sasa si ungemwacha apige, huyu anyamaze?"

Mnanichosha nyote wawili. Jumapili njoo tena, na zeze, na fulana yako, na nyingine ndogo ya mtoto. Mama mkwe akinuna, atanunia hapa hapa mbele yangu. Ila nimelitumia neno lenu na upinde sijui kushika. Unisamehe.

Mwanao

14 Machi

Kwaru,

Marahaba. Jumapili nakuja. Fulana ya mtoto fundi kaikata kubwa mno. Itakutosha wewe.

Baba yako