Paka Hakuangusha Birika

Mke wangu,

Naapa, yote yaliyo humu ni kweli tupu, hata chumvi sikutia. Chai imo kwenye chupa. Kifuniko sikukikaza, vidole vimekataa. Usikanyagie mguu ulioungua.

Asubuhi birika la maji moto liliponiponyoka likakumwagikia, nilisema paka kanirukia, tena paka mkubwa kama ndama. Binti yetu akafungua stoo, paka akatoka akipiga miayo. "Baba, ndama wako ndiye huyu?"

Kilichoangusha birika ni baridi yabisi ya vidole vyangu, haijatulia. Daktari hunibonyeza viungo kimoja kimoja. Lengo lake ni maumivu na uvimbe viishe kabisa, na visipoisha anaongeza dawa ya sindano. Mimi naogopa sindano. Basi kila siku ya kliniki nameza kwanza vidonge vya kutuliza maumivu, halafu namchekea: "Vimepona!" Naye huamini, dawa inabaki ileile. Uongo wangu ndio uliokuunguza.

~~Nimetoka kunyoosha miguu.~~ Nimekwenda kliniki. Leo sikumeza kitu. Akibonyeza, nitapiga kelele mpaka mapokezi wasikie.

Kipande changu cha samaki mpe paka. Nilimsingizia.

Mumeo