Yeye wa Barua Yako

Mume wangu,

Hatujambo, na paa halivuji tena. Kiingereza ndicho kinachonichosha. Mwalimu hututumia somo kwenye simu tulisikilize nyumbani, kisha darasani ni mazoezi tu. Mimi husikiliza nikipiga pasi, ili siku moja nikufuate huko.

Jumanne tulitafsiri sentensi tulizotoka nazo nyumbani. Nikatoa ya barua yako: "Naishi na mwenzangu, yeye hupika, mimi naosha vyombo."

Mwalimu akauliza, "Mama, huyu yeye ni mwanamume au mwanamke? Kiingereza kina maneno mawili."

"Aandike yote mawili," jirani yangu akatania. Darasa likacheka, nami nikacheka.

Katika daftari langu la Kiingereza, mwanzoni mwa sentensi ya yule anayepika, nimeacha nafasi ya neno moja. Nijazie wewe, nimechoka kukisia.

Mkeo