Tata, Nimemwambia Mzee Nyamhanga

Tata,

Nimevunja neno lako. Naliandika kwanza, nisije nikazungukazunguka mpaka karatasi ikaisha.

Tulipotoka hospitali ya misheni, tukisubiri lori, uliniambia, "Mwita, haya yaliyonipata utayazika pamoja nami." Nikaitikia. Masika mbili zimepita tangu tukuzike hapa Nyamwaga, na hata Mama sikumwambia. Yeye anaamini ulipona kwa sababu ya yule mbuzi aliyechinjwa kuondoa laana.

Sasa sikiliza. Mke wa Mzee Nyamhanga wa Busawe alikuja zahanati ninakofunga vidonda, akanivuta pembeni. Mumewe alitolewa tezi iliyomzibia mkojo, kama wewe, na tangu hapo mkojo haushikiki. Miezi saba hajatoka nyumbani. Siku ile mama huyo alikuta kamba mpya imefichwa chini ya ngozi ya kulalia. Hawana ng'ombe wa kufungwa.

Nikaenda. Mlango ulipofunguliwa harufu ilinipiga, nikakuona wewe wa siku zile, umegeukia ukuta, unasema, "Toka. Mtoto haoni aibu ya baba yake." Nguo zako nilikuwa nazifulia mtoni, mbali, watu wasinione.

Nilimwambia Mzee kuna upasuaji wa pili. Akasema, "Kisu ndicho kilichonifanya hivi. Umemwona nani aliyepona?"

Tata, nilikumbuka neno lako. Ningeweza kusema "mtu mmoja." Angedhani nadanganya. Nikasema, "Baba yangu."

Basi nikamweleza yote. Kwamba daktari hakujua Kikurya, na Kiswahili chako kilikuwa cha mnadani tu, ikabidi mimi nitafsiri maneno ambayo mtoto hamtamkii baba yake. Niliyasema nikitazama sakafu. Kwamba daktari atachukua ukanda wa utando pajani mwako, aupitishe chini ya njia ya mkojo, aukaze. Ukanda ukilegea, utaendelea kuvuja. Ukikazwa mno, mkojo utaziba kabisa. Ukasema, "Mwambie akate."

Nikamweleza na ile siku ulipotolewa mpira wa mkojo. Tangu asubuhi hata tone. Jua likapinda, tumbo lako limekaza kama ngoma, na daktari ameshashika mpira mwingine. Ukaniamuru nigeuke. Nikasikia mkojo unagonga bakuli, nikalia nikiwa nimekupa mgongo. Hilo hukulijua.

Mzee aliuliza jambo moja tu. "Alikaa tena na watu?"

Nikamwambia ulikaa. Ulisimamia posa ya dada yangu Gati tangu salamu mpaka mwisho, na wageni ndio waliochoka kabla yako. Mpaka homa ilipokuchukua, ulikuwa mkavu.

Wiki ile ile nilimsindikiza hospitali. Amepasuliwa, amerudi. Nisikudanganye: akikohoa au akinyanyua mzigo bado anavuja kidogo, na daktari amesema huenda ikabaki hivyo. Lakini Jumapili alikwenda kanisani na mkewe. Alikaa benchi la katikati, watu huku na huku, mpaka sala ya mwisho.

Sijui kama umekasirika. Nimejaribu kukusikia ukinigombeza na nimeshindwa. Pengine ni mimi ninayejitetea. Ulikuwa mtu mkali, Tata, na neno lako lilikuwa neno. Ila nilipokuwa mbele ya yule mzee niliona heshima yako haiwezi kulindwa kwa kaburi la mtu mwingine.

Jina lako sitalitaja penye pombe, wala kwa mwenye udadisi. Lakini akitokea mwingine aliyejifungia ndani, nitamwambia tena, na nitakwenda naye. Mama nitamweleza mwenyewe kesho, kabla hajayasikia kutoka Busawe. Naogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya daktari.

Pumzika, Tata. Kama kuna hasira, ziwe juu yangu peke yangu.

Mwanao,
Mwita